Kasuku Husikia Zaidi ya Maneno

Mwezi Mei 2015, katika jimbo la Michigan, Marekani, mwanamume mmoja aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Mkewe alikutwa humo humo na jeraha la risasi kichwani, akatibiwa, akapona. Kiumbe mwingine aliyetoka hai katika nyumba hiyo alikuwa kasuku wa kijivu aitwaye Bud. Ndege huyo alichukuliwa na mtalaka wa marehemu, na huko alikohamia akaanza kufanya jambo lililowasisimua mwili waliomsikia: alikuwa akigombana peke yake. Sauti nzito ya kiume, kisha sauti ya kike, zinapokezana, zinapanda, hadi ile ya kiume inasihi isipigwe risasi, tena kwa tusi.

Mwaka 2017 mke yule aliyepona jeraha alitiwa hatiani kwa mauaji. Maneno ya Bud hayakutumika mahakamani, na ni vigumu kufikiria wakili angeanzaje kumhoji shahidi wa namna ile. Lakini video za ndege huyo zilisambaa duniani, na kilichowaganda wengi masikioni hakikuwa maneno yenyewe, kwani maneno machache kama yale kasuku yeyote mwenye ulimi mwepesi anaweza kufundishwa. Bud alikuwa amehifadhi ugomvi mzima: kasi yake, ukali wake, na jinsi hofu inavyoikata sauti ya mtu.

Kwetu, mwanafunzi anayekariri bila kuelewa huambiwa anasoma kama kasuku. Kenya, watoto wengi humjua ndege huyu kwenye jalada la daftari kabla hawajamwona hai. Kejeli hiyo inamwonea. Kasuku anaweza asijue maana ya sentensi anayoirudia, lakini hali ya moyo ya aliyeitamka haimpiti. Wanaowafuga hulisema hilo siku zote: nikiwa na hasira haniji begani, nikilia ananyamaza, nikirudi na furaha anacheza kizimba kizima. Sayansi ilichelewa kuwasikiliza, na ilipoanza kupima ilikuta kwamba walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ingawa si mara zote kwa sababu walizodhani.

Tuanzie porini. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya ikweta, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kameruni, Gaboni na Kongo, hadi Uganda na kingo za magharibi za Kenya na Tanzania. Huishi kwa makundi. Jioni hukusanyika kwenye miti ya kulala, pengine mamia kwa mamia, na asubuhi hutawanyika kutafuta matunda na mbegu. Mwewe anapotokea, hakuna nafasi ya kuulizana. Mmoja akishtuka, wote wameshapaa. Katika maisha ya aina hiyo, kuipokea hofu ya jirani papo hapo ni suala la kufa na kupona. Anayesubiri kumwona mwewe kwa macho yake mwenyewe hana uzao.

Sauti nayo ni kamba inayolifunga kundi. Kule Venezuela, mtafiti Karl Berg na wenzake waliweka kamera ndani ya viota vya kasuku wadogo wa kijani na kugundua kwamba kila kinda hupewa na wazazi wake mlio wa kumwita, kitu kinachokaribia sana kuwa jina. Walipohamisha mayai kutoka viota vingine, makinda walichukua milio ya wazazi waliowalea, si ya waliowataga. Kwa hiyo kasuku huzaliwa akiwa tayari kusikiliza: anatafuta sauti ya walio wake, na akishaipata anaiiga ili awe mmoja wao.

Sasa mchukue ndege huyo, umweke sebuleni. Kundi lake litakuwa nani? Ni baba anayerudi kazini saa mbili usiku, mama anayezungumza na simu jikoni, watoto wanaogombania rimoti. Hao ndio atakaowasikiliza kwa umakini uleule ambao babu zake waliutumia kumsikiliza jirani wa tawi la pili. Anao ubongo wa kazi hiyo. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba mfumo wa kujifunza sauti katika ubongo wa kasuku una tabaka mbili, moja ikiizunguka nyingine, jambo ambalo halijaonekana kwa ndege waimbaji wala kwa ndege wavumaji, ambao nao hujifunza sauti. Na utafiti wa mwaka 2022, uliowauliza wenye kasuku karibu 900, ulionyesha kwamba kasuku wa kijivu ndiye bingwa kwa wastani wa maneno takriban 60, na kwamba takriban asilimia 89 ya ndege wale, kwa mujibu wa wafugaji wao, hutumia maneno yao mahali panapostahili. Hapo kuna chumvi ya mapenzi, bila shaka. Mtu akimsifia kasuku wake ni kama bibi akimsifia mjukuu. Hata ukiipunguza chumvi hiyo, kinachobaki si kidogo.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hisia huambukizana kati ya kasuku ulitoka New Zealand, kwa ndege wa milimani aitwaye kea, mtundu anayejulikana kwa kung'oa mipira ya madirisha ya magari ya watalii. Kea wana mlio maalumu wanaoutoa wakati wa mchezo. Raoul Schwing na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliupiga mlio huo kwenye spika katika hifadhi ya Arthur's Pass, kisha wakapiga milio mingine ya kea, mlio wa ndege wa aina nyingine, na sauti tupu ya mashine. Mlio wa mchezo pekee ndio uliowabadilisha. Kea waliokuwa wametulia walianza kurukiana, kufukuzana, kupaa kwa madoido. Waliokuwa peke yao wakaanza kucheza na vijiti na mawe. Hawakuwa wameitwa kujiunga na mchezo wa mtu, kwa sababu hapakuwa na mchezo. Walisikia tu sauti ya furaha, na furaha ikawaingia. Watafiti waliulinganisha mlio huo na kicheko cha binadamu.

Hata miayo huambukizana. Kasuku wadogo wa Australia, wale wa kijani na manjano wanaouzwa wawili wawili kwenye maduka ya wanyama, walichunguzwa na Andrew Gallup na wenzake, na ikaonekana kwamba mmoja akipiga mwayo, mwenzake hufuata.

Kuambukizwa, hata hivyo, ni hatua ya chini. Mtoto mchanga akisikia mwenzake analia wodini naye hulia, lakini hajamhurumia. Je, kasuku anaweza kwenda mbele ya hapo? Kisiwani Tenerife, Désirée Brucks na Auguste von Bayern waliwafundisha kasuku kubadilishana pete ya chuma kwa chakula. Kisha wakawaweka wawili katika vyumba viwili vinavyotazamana kupitia tundu. Mmoja ana pete lakini dirisha lake la kununulia limefungwa. Mwenzake hana pete, na dirisha lake liko wazi. Saba kati ya kasuku wanane wa kijivu walimpitishia mwenzao pete, wengine tangu mara ya kwanza, kabla hawajajua kama wema huo utarudishwa. Waliwapa marafiki zaidi, lakini hata wasio marafiki walipata. Kasuku wakubwa wa Amerika Kusini wenye vichwa vya buluu, waliopewa jaribio hilohilo, hawakusaidiana. Matokeo hayo ya mwaka 2020 yanatuonya tusiwatie kasuku wote kapu moja, kwani jamii zao ni karibu 400.

Hayo ni kati ya ndege kwa ndege. Kwa binadamu je?

Katika maabara moja karibu na Paris, Franck Péron na wenzake waliwapa kasuku watatu wa kijivu mtihani ambao hutumiwa pia kwa watoto wadogo. Mtu anamnyooshea ndege punje, kisha hampi. Mara nyingine hampi kwa sababu hataki: anaivuta nyuma kwa makusudi. Mara nyingine hampi kwa sababu hawezi, kuna kizuizi. Mwisho wa jambo ni uleule, tumbo halijapata kitu, lakini kasuku hawakuwachukulia sawa asiyetaka na asiyeweza. Walisoma nia katika mwili wa mtu.

Huko Beauval, bustani ya wanyama nchini Ufaransa, Aline Bertin na wenzake waliwapiga picha kasuku watano wakubwa, wale wa mgongo wa buluu na kifua cha njano, wenye mashavu meupe yasiyo na manyoya. Mlezi wao alipowatazama machoni na kuzungumza nao, manyoya ya kichwani yalisimama taratibu na mashavu yakaonyesha wekundu zaidi kuliko alipokuwa chumbani bila kuwajali. Kuona haya usoni tulikuwa tumejitengea sisi wenyewe. Bertin na wenzake walikuwa waangalifu kutosema ndege wale wanahisi nini hasa, na uangalifu wao ni wa kuigwa. Kilicho wazi ni kwamba kutazamwa na kutotazamwa na mtu wao si mamoja.

Aliyetuachia kumbukumbu nyingi zaidi ni kasuku wa kijivu aitwaye Alex. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alimnunua katika duka la wanyama mjini Chicago, na kwa miaka 30 akamfundisha majina ya vitu, rangi, maumbo na hesabu ndogo, hadi ndege huyo alipofariki mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 31. Njia ya kumfundisha yenyewe ilitegemea wivu: watu wawili waliulizana na kupeana zawadi mbele yake, yeye akitazama, mpaka akaona hawezi kukaa pembeni. Pepperberg amesimulia kwamba siku aliyoingia kazini na hasira zake, Alex alimwambia atulie. Amesimulia pia kwamba ndege huyo aliokota neno la kuomba radhi baada ya yeye mwenyewe kumfokea kisha kumwomba msamaha, na siku nyingine, baada ya kuzitafuna karatasi zake za kazi na kumwona amewaka, akalitamka.

Je, Alex alijuta? Pepperberg hakuwahi kudai hivyo. Huenda alichojifunza ni kwamba neno lile hutamkwa hasira inapoisha, basi akalitumia kuimaliza. Lakini tazama alichohitaji ili alitumie vizuri: kuijua hasira anapoiona. Mfugaji anayesema kasuku wake anamwelewa hakosei sana. Anakosea anapodhani kueleweka huko ni upendo tu. Kwa sehemu kubwa ni ulinzi wa zamu. Ndege anakuchunguza mchana kutwa kwa sababu wewe ndiwe mti, kundi na mwewe wake kwa pamoja.

Ndiyo maana siku mbaya za mwenye nyumba huishia kwenye vidole vyake. Mtu aliyebanwa na wakati huingiza mkono kizimbani haraka, kifua kimepanda, sauti imekauka. Kasuku ana macho pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote. Hatua nzito ameshaiona tangu mlangoni. Anayemjua hutazama jicho lake kwanza. Mboni ikianza kutanuka na kubana kwa haraka, manyoya ya shingo yakasimama au yakabanwa mwilini, huyo amechemka, kwa furaha au kwa ghadhabu, na si wakati wa kumpa kidole. Akiuma na mtu akapiga yowe, mambo huharibika zaidi. Kwa kasuku, yowe ni mchezo wa kusisimua. Vivyo hivyo kwa makelele: akipiga kelele na nyumba nzima ikamfokea anyamaze, kwake kundi limeitika. Washauri wa tabia za ndege hurudia ushauri uleule usiopendwa na wengi: ukitaka atulie, tulia wewe kwanza, na umsemeshe anapokuwa kimya.

Matusi nayo huingia kwa mlango huo. Neno la kawaida lililosemwa mara hamsini bila uzito linaweza lisimkae, ilhali tusi lililompasuka mtu mara moja alipojigonga kidole cha mguu likakaa miaka. Ndege hachagui maneno machafu. Huvutwa na sauti iliyobeba nguvu, na wageni wakicheka anapolirudia, amepata ujira wake.

Panapohitaji tahadhari ni kwenye manyoya. Kasuku wa kufugwa, hasa wa kijivu na kakatua, wana ugonjwa wa kujinyonyoa, wakati mwingine mpaka kifua kinabaki ngozi tupu. Mfiwa akimwona ndege wake anajinyonyoa baada ya msiba huamini kwamba amembebesha huzuni yake. Inawezekana ratiba ya nyumba ilivurugika, mtu aliyemzoea hayupo, sauti zimebadilika, na hilo linamtesa kweli. Lakini mara nyingi chanzo ni maradhi ya ngozi, wadudu, ini, au lishe ya mbegu za alizeti asubuhi na jioni isiyo na vitamini A. Daktari wa mifugo aje kwanza, majuto baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu kasuku 1,378 wa jamii 50, uliongeza sababu nyingine: jamii zenye ubongo mkubwa zaidi kulingana na mwili ndizo zilizokuwa na tabia nyingi zaidi za kurudiarudia zisizo na maana, kama kuzunguka kizimbani au kutafuna vyuma, na zile ambazo porini hutafuta chakula kwa kazi ngumu ndizo zilizojinyonyoa zaidi. Akili isiyopewa kazi humla mwenyewe.

Na upweke huingia mpaka kwenye chembe za mwili. Watafiti wa Vienna walipima telomia, vile vikomo vya kromosomu vinavyofupika kadiri kiumbe kinavyozeeka, katika damu ya kasuku wa kijivu wa kufugwa. Waliokuwa wakikaa peke yao, wenye umri wa miaka tisa, walikuwa na telomia fupi kama za ndege wanaoishi wawili wawili waliowazidi umri kwa takriban miaka 23. Hiyo ilikuwa mwaka 2014. Mwaka 2023 kundi jingine la watafiti likajaribu tiba isiyotarajiwa: kasuku 18 walifundishwa kugonga kengele wakitaka kupiga simu ya video, kisha kuchagua picha ya kasuku mwenzao kwenye tableti. Walipiga, wakaimbiana, wengine wakalala usingizi mbele ya skrini. Ndege waliopiga simu nyingi zaidi ndio waliopigiwa zaidi.

Kwa kasuku wengi wa kijivu, mateso huanza kabla ya kizimba. Kwenye misitu ya Kongo wategaji huwapaka gundi matawi na kumfunga ndege mmoja awe chambo. Wenzake humfuata kwa sababu ileile ya kundi. Wengi hufa njiani. Anayefika akiwa mzima hunguruma mkono ukimkaribia, sauti ya kutisha kama ya mbwa mdogo, na wako wanaoendelea kunguruma miaka mingi nyumbani mwa watu wema. Nchini Ghana, ambako zamani walikuwa kila mahali, idadi yao ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mapema miaka ya 1990. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, na Kenya leo huwezi kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Wako waliogeuza unyeti huu kuwa dawa. Los Angeles, katika eneo la hospitali ya maveterani, mwanasaikolojia Lorin Lindner alianzisha mwaka 2005 makao ya kasuku waliotupwa na wenyewe, yaitwayo Serenity Park. Wanaowahudumia ni wanajeshi waliorudi na kiwewe cha vita. Wanaume ambao hawakuweza kukaa kwenye duara la ushauri nasaha na kusema neno waliingia vizimbani, wakasafisha vyombo, wakakata matunda, na huko wakazungumza. Masharti ni ya ndege: ukiingia na fujo moyoni, hashuki kwenye kijiti. Mtu hulazimika kuishusha pumzi yake ndipo apate uzito mdogo ule wa miguu begani.

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 hadi 60, kwa hiyo wengi hurithiwa au kugawiwa zaidi ya mara moja, na kila nyumba humwachia kitu: mlango uliokuwa ukilalamika, kikohozi cha marehemu, mke na mume waliokuwa hawapatani. Agosti 2020 hifadhi ya Lincolnshire Wildlife Park nchini Uingereza ilipokea kasuku watano wa kijivu, Billy, Eric, Tyson, Jade na Elsie, kutoka nyumba tano tofauti, ikawaweka pamoja karantini. Kila mmoja alikuwa amekuja na matusi ya kwao. Mmoja alitukana, mwingine akacheka kicheko cha binadamu, na wahudumu nao wakashindwa kujizuia. Kufikia siku za kuonyeshwa kwa wageni, watano hao walikuwa wakitukana na kuchekana mchana kutwa, na ikabidi watenganishwe.

Wageni hawakulalamika, wengi walikwenda kuwatafuta. Baadaye wakaja wengine watatu wenye tabia hiyohiyo, na mwaka 2024 mkuu wa hifadhi, Steve Nichols, akaamua kuwachanganya wote wanane na kundi kubwa la kasuku wenye adabu, kwa matumaini kwamba wataiga sauti nyingine. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba hesabu yake ikienda kombo, atajikuta na kasuku mia moja wanaotukana.